Yaya, nadaiwa mkopo wa makayabo na mimi ni mwalimu

Yaya, mkubwa wangu, jambo sana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, tunakaa Katuba. Nina miaka 41 na watoto wanne. Mshahara wangu unapitia benki kama wa watumishi wengine wa serikali. Mtoto wetu wa kwanza amepata nafasi UNILU, chuo kikuu cha hapa, basi nikaomba benki inikopeshe dola 600 juu ya mshahara. Karatasi zote nilipeleka. Siku ya nne kijana wa benki akaniita pembeni, akasema polepole kama mtu anayeleta habari ya msiba: "Mama, jina lako limetoka vibaya kwenye Centrale des risques. Kuna mahali una deni na hulipi."

Nikacheka. Mimi ninayeogopa hata deni la mkate! Akaniandikia kwenye kikaratasi jina la nyumba moja ya mikopo midogo. Nikaenda siku hiyo hiyo. Kweli wakanikuta kwenye kompyuta: mkopo wa dola 850 uliochukuliwa mwaka jana. Malipo matatu ya kwanza yalifanywa kwa simu, kisha kimya. Sasa pamoja na riba na faini wanadai 1,190. Kazi ya mkopaji: muuza makayabo (samaki wa chumvi), soko la Kenya hapa hapa Lubumbashi. Yaya, makayabo nayajua sahanini tu.

Ajenti alinifungulia faili kwa dakika chache. Jina langu, majina ya baba na mama, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kadi ya mpiga kura, vyote ni vyangu. Ila ni kadi ya zamani, ya 2017. Nakala yenyewe ni nyeusi tii, uso hauonekani. Saini si yangu, mtu ameandika jina langu kama mtoto wa darasa la pili. Na picha ndogo iliyobandikwa kwenye fomu ni ya mwanamke mwenye mesh (nywele za bandia) ndefu ambaye sijawahi kumwona. Halafu tarehe ya mkataba ni siku ya mtihani wa taifa wa darasa la sita, nami nilikuwa nasimamia kwenye shule nyingine tangu asubuhi. Niliomba nakala ya faili. Ajenti akakataa: "Faili ni siri ya mteja." Nikamwuliza, mteja si mimi? Akanyamaza.

Nyumbani nikafungua sanduku kutafuta kadi ile ya zamani, haipo. Ya 2023 ninayo, lakini wino umefutika, nimebaki kivuli.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Nambari ya simu iliyo kwenye faili naifahamu. Ni laini niliyomwandikishia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alipokuja kutoka Likasi bila kadi. Nilimwuliza, akasema laini hiyo alipoteza zamani. Mama mkwe alisikia, akanijia juu: "Ukimtaja mtoto wangu kwa polisi, ni mimi umenipeleka gerezani Kasapa." Mume wangu naye anasema tulipe yaishe, aibu isitoke nje. Ajenti anapiga simu kila siku: nilete dola 100, nisaini karatasi ya kulipa polepole, faini itafutwa, jina litasafishwa ndani ya wiki moja. Binamu yangu aliye Dallas anasema niandikie Equifax, kampuni ya huko Marekani.

Yaya, nilipe? Nimshitaki shemeji? Na jina langu nitalirudishaje?

Mwalimu wa Katuba

*

Mama Mwalimu,

Usilipe. Hata faranga mia usitoe, na karatasi ya huyo ajenti usiiguse.

Najua mume wako anasema hivyo kwa upendo, na najua dola 100 zinaonekana ndogo mbele ya usingizi uliopotea. Lakini angalia faili hilo kwa jicho la hakimu. Ndani yake mna jina lako, wazazi wako, nambari ya kadi yako, na hakuna saini yako hata moja. Ajenti anakuomba umpe ya kwanza. Siku utakayosaini kwamba utalipa polepole, au utakayotuma malipo kwa simu yako, deni la mwizi litakuwa limepata mama. Ukija kusema baadaye "sikukopa", watakutolea karatasi yako na kukuuliza: kama hukukopa, ulikuwa unalipa nini?

Sheria yetu ya mikataba ni ya zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na bado ndiyo tunayoishi nayo. Humo imeandikwa kwamba anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Si kazi yako kuthibitisha kwamba hukuuza makayabo. Ni kazi yao kuthibitisha kwamba wewe ndiwe uliyeketi mbele yao, ukasaini, ukapokea dola 850. Ila sheria hiyo hiyo inakutaka ufanye jambo moja: mtu akiletewa karatasi yenye saini inayosemwa ni yake, aikubali au aikane waziwazi. Ukiikana, saini inapelekwa kuchunguzwa. Ukinyamaza, unawapa nafasi. Na mpaka sasa, mdogo wangu, umekana kwa mdomo tu, mbele ya ajenti ambaye hana haja ya kukumbuka.

Kwa hiyo andika. Wewe ni mwalimu, Kifaransa cha biro (ofisi) hakikusumbui. Ukurasa mmoja unatosha, kwa mkurugenzi wa nyumba hiyo na si kwa ajenti. Sema kwamba hujawahi kuomba, kusaini wala kupokea mkopo huo, na uweke nambari yake. Sema unaikana saini na kwamba picha iliyo kwenye fomu si yako. Sema siku ya mkataba ulikuwa wapi, na uambatanishe orodha ya wasimamizi wa mtihani, ambayo mkuu wa kituo anaweza kukupa nakala yake yenye muhuri. Hapo ndipo faili lao linapopasuka, kwa sababu orodha ile haikutengenezwa kwa ajili ya kesi yako.

Halafu omba mambo matatu na usichanganye na malalamiko mengine: nakala ya faili lote, madai yasimame wakati wanachunguza, na warekebishe walichokitangaza kwa Banki Kuu. Toa barua mbili zinazofanana. Moja unawaachia, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokea, na tarehe, na jina la aliyepokea. Wakikataa kugonga muhuri, rudi na mtu atakayeshuhudia, au mtume huissier, mjumbe wa mahakama. Ni gharama, lakini karatasi yake ina nguvu. Barua isiyo na muhuri, mama, ni hadithi tu.

Kuhusu "siri ya mteja", swali lako lilikuwa zuri kuliko ulivyodhani. Kama wewe ni mteja, faili ni lako, wakupe. Kama si mteja, wanakudai nini? Weka sentensi hiyo kwenye barua kama ilivyo. Tena tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Code du numérique, sheria nambari 23/010, inayompa mtu haki ya kujua habari zake zinazowekwa na wengine na kuomba zirekebishwe zikiwa za uongo. Itaje. Nimeona mara nyingi jinsi biro inavyobadilisha sauti ikiona nambari ya sheria kwenye barua ya mama waliyemdhania muuza samaki (na muuza samaki naye ana haki zile zile, lakini hilo ni ugomvi wa siku nyingine).

Sasa picha ile ya mwanamke. Nimeifikiria kuliko kitu chochote kwenye barua yako, na nadhani wewe umeipita haraka kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye nambari ya simu. Mkopo wa biashara hautoki hivi hivi. Ajenti wa mikopo huenda sokoni, anaangalia meza, anahesabu mzigo, anauliza majirani. Nani alikwenda soko la Kenya kuona makayabo yako? Aliona meza ya nani? Nani alilinganisha nakala nyeusi ya kadi na uso wa mwanamke mwenye mesh, akasema sawa? Na kwa nini walikubali kadi ya 2017 wakati watu mjini walikuwa wameshachukua za 2023? Ama mtu wa ndani alifumba macho, ama kazi ilifanywa ovyo. Kwa vyovyote, kosa hilo ni lao. Ndiyo sababu ajenti ana haraka ya kukufutia faini. Nyumba yenye uhakika na deni lake haianzi kwa kutoa zawadi.

Ogopa faili hilo kupotea au kubadilishwa picha. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, andika kwenye daftari kila ulichokiona: siku uliyokwenda, saa, jina la ajenti, nambari ya mkopo, picha ilivyo, saini ilivyo. Tia tarehe. Kumbukumbu ya wiki hii ina thamani kuliko ya miezi sita ijayo.

Tuje kwenye Centrale des risques, kwa sababu watu wengi wanaisikia kama jina la ugonjwa. Ni daftari la Banki Kuu ya Congo. Mabenki na nyumba za mikopo yanatangaza humo waliowakopesha na nani halipi, na benki nyingine inasoma kabla ya kukopesha. Banki Kuu haikukuandika kwa kukuchukia, iliandika ilichoambiwa. Kwa hiyo aliyetangaza uongo ndiye anayepaswa kwanza kuuondoa, na kusafishwa "ndani ya wiki moja" baada ya kutoa dola 100 ni maneno ya ajenti tu. Tena deni lililolipwa na deni ambalo halikuwa lako si kitu kimoja. Ukilipa, utabaki mtu aliyekopa, akachelewa, akalipa. Wewe unataka kubaki mtu ambaye hakukopa.

Nakala ya barua yako, pamoja na ile yenye muhuri, ipeleke pia biro ya Banki Kuu hapa Lubumbashi. Nyumba za mikopo midogo ziko chini ya usimamizi wake. Nakala nyingine mpe kijana wa benki yako aiweke kwenye ombi lako.

Kabla sijasahau, wapo wanaoandikwa vibaya bila mwizi yeyote. Katanga tuna akina Ilunga, Mwamba na Kazadi wangapi? Jina na postnom (jina la pili) zinalingana, mtu wa kompyuta anabonyeza, deni la jirani linakuangukia. Kwa hao dawa ni nyepesi: kulinganisha majina ya wazazi, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya kadi. Kwako vyote vimelingana, basi hatuna haja ya kujidanganya.

Binamu yako wa Dallas hajakosea, ila anasema ya kwao. Marekani kuna kampuni tatu kubwa zinazoweka habari za madeni ya watu: Equifax, Experian na TransUnion. Kuna sheria ya tangu 1970 inayozilazimisha kuchunguza ukipinga kitu, kwa kawaida ndani ya siku 30, na tangu 2018 mtu anaweza kufunga faili lake bila kulipa ili asikopewe mtu kwa jina lake. Equifax yenyewe iliibiwa habari za watu kama milioni 147 mwaka 2017, kwa hiyo hata huko kuna wanaolia. Ukiwaandikia kuhusu Katuba hawatakujua. Chukua kwao kitu kimoja tu: wanapinga pande mbili, kwa aliyetangaza na kwa anayeweka daftari. Ndicho nilichokuambia.

Kadi iliyopotea. Nenda ukatoe taarifa na uchukue hati ya kupotelewa. Utakutana na mtu atakayekuambia, "Mama, ongeza kidogo, tuweke tarehe ya mwaka juzi, itakusaidia." Usikubali! Umegundua juzi, andika umegundua juzi. Ukiingiza tarehe ya uongo, nawe utakuwa umetengeneza karatasi ya uongo, na avoka (wakili) wa upande wa pili ataishika hiyo hiyo. Ile ya 2023 iliyofutika, uliza CENI, tume ya uchaguzi, kama wanatoa nakala mpya, lakini ya zamani usiitupe. Na nakala utakazotoa kuanzia sasa, kwa shule, benki au kanisa, pitisha kalamu juu yake uandike ni ya nini na ya tarehe gani. Fikiria kadi yetu ilivyo: baba, mama, asili, anwani, tarehe ya kuzaliwa, vyote kwenye kipande kimoja. Na kwa sababu wino unafutika tunatoa fotokopi kila kona, zinabaki kwenye meza za watu.

Nimechelewesha shemeji makusudi.

Kwanza nikugombeze kidogo. Laini uliyoandikisha kwa kadi yako ni yako mbele ya sheria, hata kama imelala mfukoni mwa mwingine. Nyumba ya mikopo itasema: nambari ni ya kwake, malipo matatu yalitoka kwenye nambari yake, anakana nini? Hilo ndilo tundu kwenye utetezi wako, na lazima uliseme wewe kabla hawajalisema wao. Andika kwenye barua kwamba laini hiyo uliiandikisha kwa ajili ya ndugu wa familia na hukuwahi kuitumia. Kisha tafuta alama zake: ni nani katika ukoo ameiweka nambari hiyo kwa jina la shemeji? Kuna ujumbe wake wa zamani, sauti zake, salamu za Mwaka Mpya? Mtu akipoteza laini huwaambia watu nambari mpya, aliwaambia lini? Piga picha za hayo yote kwenye simu za walionayo. Pita pia kwenye duka la kampuni ya simu, uulize ni laini ngapi ziko kwa jina lako, na uombe historia ya malipo ya hiyo moja.

Pili, simu si uso. Inawezekana shemeji ndiye aliyefungua sanduku lako. Inawezekana pia alimpa laini rafiki wa kike mwenye mesh ndefu, akaambiwa "ni ya biashara tu". Wewe hujui, mimi sijui, na mama mkwe naye hajui, ingawa anapiga kelele kama anayejua. Kwa hiyo mashitaka yako kwenye parke, ofisi ya mwendesha mashitaka, yaandike dhidi ya mtu asiyejulikana. Eleza ukweli wote, laini ikiwemo, usimwite mtu mwizi. Makosa yana majina yake kwenye sheria yetu ya adhabu: kughushi maandishi, kifungu cha 124, na utapeli, kifungu cha 98. Parke ikianza kazi inaweza kuchukua faili lile kabla halijapotea na kuiuliza kampuni ya simu nani aliitumia laini. Mama mkwe mwambie kwa heshima, ukiwa umeketi: "Mama, sikumtaja mtoto wako. Nimetaja jina langu lililoibiwa." Atalia. Mume wako awepo, na aseme yeye, kwa sababu ni mama yake.

Lakini kabla ya parke mpe shemeji nafasi moja. Mkae yeye, mume wako na mzee mmoja wa ukoo asiyependelea. Wiki moja. Akikubali kosa, asikuletee "nisamehe, nitalipa". Msamaha ni wako kutoa, ila haufuti chochote kwenye kompyuta. Aende pamoja nawe kwa mkurugenzi, aandike kwa mkono wake kwamba mkopo ni wake au wa mwanamke yule, nyumba ihamishie deni kwa mwenyewe, na ikupe barua kwamba hudaiwi na tangazo limerekebishwa. Hapo ukitaka kuyamaliza ndani ya nyumba, yamalize, mimi sitakuhukumu. Bila karatasi hiyo, mume wako anaficha aibu ya mdogo wake nyuma ya jina lako, na umwambie hivyo hivyo, mkiwa wawili.

Ajenti akija na polisi mlangoni, usitetemeke. Kudaiwa ni jambo la kiraia, OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, hana kazi ya kukusanya madeni ya nyumba ya mikopo. Mwombe karatasi ya wito, isome, ipige picha, uende na avoka. Ukikosa uwezo wa avoka, uliza baraza la mawakili kwenye mahakama ya rufaa kuhusu msaada wa bure.

Na UNILU haitasubiri haya yote. Mwombe kijana wa benki asifunge ombi lako, aandike kwamba deni linapingwa, na umpelekee kila karatasi mpya yenye muhuri. Wakati huo ongea na wenzako wa likelemba (mchango wa zamu) shuleni wakubadilishie zamu, upokee mwezi huu badala ya wa tatu, na uiombe fakulte ikuruhusu kulipa ada kwa sehemu. Ukipata jibu la mkurugenzi, niandikie. Hasa nataka kujua watasemaje kuhusu picha.

Yaya